Masuke Yenye Masizi

Mstari ulikuwa wa kalamu nyekundu, na ulipita juu ya ngano ya mama yangu.

Tulikuwa Kibondo, katika chumba cha mikutano cha mradi, sisi wasaidizi wa shamba tumeitwa kusikiliza matokeo ya msimu. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Aina za ngano ziliandikwa kwa namba, nyingi zina alama ya vema, na ya mwisho kabisa, ile niliyoileta mwenyewe kutoka kwetu Munanila, ilikuwa imekatwa. Pembeni yake yaliandikwa maneno matatu: protini chache, dhaifu.

Nilisimama kabla sijaamua kusimama. Nimeumbwa hivyo, na walionishauri nibadilike walishachoka. Nilimwambia Daktari kwamba ngano hiyo ilinikuza mimi na ndugu zangu watano, na kama ni dhaifu basi aje apimane nguvu na sisi. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, lakini hakukasirika pia.

Tulimwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa kuzalisha mbegu. Alikuwa mtu wa haki, na nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamsema sana. Aliniambia nikae, kisha akaeleza taratibu. Kiasi cha protini ndani ya punje, alisema, hutegemea sana udongo, mbolea na mvua. Ngano ileile ukiipanda kwenye shamba lililochoka la Busunzu itakupa protini chache, na ukiipanda mahali walipolala ng'ombe itakupa nyingi. Ila nguvu ya protini hizo ni habari nyingine. Hiyo punje huirithi kwa wazazi wake. Kuna protini zinazofanya unga uliokandwa uvutike, na kuna nyingine zinazoufanya ukivutwa ushikilie, urudi, usikatike. Zikikutana na maji hushikana zikawa kitu kama ulimbo, na ulimbo huo ndio unaozuia hewa ya hamira isitoroke, mkate ukaumuka. Maelekezo ya kuzitengeneza yamo kwenye jeni za ngano yenyewe. Huwezi kuyabadilisha kwa samadi wala kwa maombi.

"Kiasi peke yake ningekusamehe," aliniambia. "Kiasi ni shamba. Lakini tuliukanda unga wenu, ukachanika. Hapo sina la kufanya."

Nilikaa. Hakuwa amenishinda kwa hoja. Nilikuwa nimeshangaa tu, kwa sababu unga wa mama yangu sijawahi kuuona ukichanika. Chapati zake ukizivuta zinakuvuta na wewe.

Nieleze kilichokuwa hatarini, maana kwa mtu wa mbali ni mstari tu kwenye karatasi. Mradi ulikuwa unatafuta ngano ya kugawiwa wakulima wa nyanda zetu za juu, Kibondo, Kasulu na Buhigwe. Zitakazofaulu zingezidishwa na kugawiwa bure vijijini. Mbegu ya bure ikifika kijijini, ya zamani haimalizi misimu mitatu. Nimeona ilivyokuwa kwa maharage. Ngano ya mama ilikuwa imebaki kwenye mashamba ya wanawake wachache wa ukoo wetu, na wengine walishaanza kuichoka kwa sababu ni ndefu na upepo huilaza. Kukatwa pale Kibondo kulikuwa kufutwa.

Halafu kulikuwa na mwenye tanuri wa Kasulu mjini, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Nilipompelekea unga wa kwetu mara ya kwanza, aliusugua kidogo tu kati ya vidole na kuniambia kwa upole kwamba ngano ya huku ni ya uji, mkate una unga wake na unakuja kwa lori. Upole wake uliniuma kuliko tusi. Nilitoka dukani kwake nimevimba kwa hasira, na nadhani tangu siku hiyo nilikuwa natafuta ugomvi.

Basi Jumamosi iliyofuata mkutano ule nilikwenda kwetu. Munanila ni juu, karibu na mpaka wa Burundi. Asubuhi za kiangazi hutoki nje bila kujifunika. Bibi na babu walivuka mpaka huo wakiwa wakimbizi, na mbegu ya ngano ikavuka nao ndani ya pindo la nguo. Mama alizaliwa upande huu. Karatasi za uraia alizipata akiwa mtu mzima mwenye watoto, ngano alikuwa nayo siku zote.

Nilimkuta anapukuchua maharage. Nilimweleza yote, mstari mwekundu, maneno matatu, unga kuchanika. Nilitegemea amtukane Daktari tuwe wawili. Hakumtaja hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu, nilichota wapi ile ngano niliyowapelekea.

Nilimwambia nilichota kikapuni.

Mikono yake ilisimama. Na mimi, kabla hajafungua mdomo, nilijua nimefanya nini, na joto la aibu likanipanda mpaka masikioni.

Kwetu mavuno ya ngano yana utaratibu wake. Kabla mtu yeyote hajagusa mundu, mama hupita shambani peke yake. Huchuma suke, hutoa punje chache, huzitafuna bila kumeza mpaka zinakuwa kama bazoka, ubani wa kutafuna, kisha huvuta ile bazoka kwa vidole. Ikivutika na kurudi, suke lile huingia kwenye fungu la mbegu. Ikikatika au ikamyeyukia mdomoni kama uji, suke huenda kwenye kikapu cha chakula. Alifundishwa na mama yake, naye na wake. Fungu la mbegu hufungwa kwa kamba ya mgomba na kuning'inizwa juu ya jiko la kuni, kwenye moshi, ili wadudu wasiliguse. Baada ya miezi michache masuke yale huwa meusi kama chungu, yananuka moshi, na ukiyashika yanakuachia masizi mpaka kwenye kiwiko.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya mradi, nina kitambulisho shingoni. Niliona aibu kuwapelekea wataalamu mzigo wa masizi. Nilikwenda kwenye kikapu cha chakula, nikapepeta, nikachambua, nikaweka punje safi zinazong'aa ndani ya mfuko mweupe. Nilijisifu kwa usafi ule. Na kikapu kile kilikuwa na nini? Masuke yote ambayo meno ya mama yalikuwa yameyakataa, na ya shamba lote ambayo hayakupita mdomoni mwake.

"Umewapelekea nilizozikataa mimi," alisema mama. "Ego, ndiyo hivyo. Umezivika nguo za Jumapili, ukaziacha zile za kweli jikoni kwa sababu ni nyeusi. Sasa unalia nini? Huyo bwana hakukosea."

Nilisema silii. Nilikuwa nalia.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi kazini nilifikiri sana kuhusu jambo jingine ambalo Daktari mwenyewe ndiye aliyetufundisha shambani. Ua la ngano hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla hata halijafunguka. Kwa hiyo suke halichanganyikani ovyo na jirani yake kama mahindi. Watoto wake humfuata mzazi. Maana yake mama alipotafuna suke moja na kulikubali, alikuwa amekubali na kizazi chake. Miaka yote ile watu walimcheka kwamba anakula mbegu, kumbe alikuwa anafanya kazi ileile ya Daktari, kwa meno.

Asubuhi nilimwomba masuke. Alinipa kumi na mawili, akayahesabu mara mbili, na akaniambia nikiyaonea aibu tena nisirudi.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniamini, hilo nililiona usoni. Lakini alisema orodha ya majaribio imeshafungwa, mashamba yamepimwa, vibandiko vimechapwa, na akiiingiza ngano yangu kwa huruma kila msaidizi atakuja na ya mama yake. Labda mwaka ujao. Nilimuuliza mwaka ujao mbegu za bure zitakuwa zimegawiwa au hazijagawiwa. Alinijibu kwamba hilo haliko mikononi mwake.

Nilisema sawa. Watu wanaonijua wangemwambia kwamba nikisema sawa kwa sauti ndogo ni wakati wa kujihadhari.

Kila shamba la majaribio lina mistari ya pembezoni. Mistari hiyo haipimwi, wala mavuno yake hayaandikwi popote. Kazi yake ni kupokea upepo, ndege na mbuzi wa watu ili ngano ya ndani ikue bila kusumbuliwa. Hupandwa ngano yoyote iliyobaki stoo, na anayeipanda ni msaidizi. Kwenye shamba letu la Kasulu msaidizi huyo nilikuwa mimi. Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado nzuri, nilipanda masuke ya mama kwenye mistari ya pembezoni, kila suke na kipande chake, na kati ya kipande na kipande nikachomeka kijiti. Sikumwomba mtu ruhusa. Ningeomba ningekatazwa, na nikishakatazwa ningepanda hivyohivyo, sasa ya nini kumpotezea mtu muda?

Iliota vizuri, na hapo ndipo iliponiumbua. Ngano za mradi ni fupi, zimezalishwa ziwe fupi ili zisilale. Ya mama ilizipita kwa kimo, ikasimama kuzunguka shamba kama ua la matete. Daktari alipokuja kukagua hakuhitaji kushuka kwenye gari ili ajue.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alinionyesha jinsi mistari yangu ilivyokuwa inatupa kivuli kwenye vipande vya mwanzo vya majaribio, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Vipande hivyo havifai tena, alisema, kazi ya msimu mzima imeingia dosari. Alikuwa sahihi. Nililikubali kosa mbele ya wenzangu wote. Lakini aliponiamuru niing'oe ile ngano, nilimwambia kivuli kimeshaingia, kuing'oa hakutakitoa.

"Unajua nitakuachisha kazi," alisema.

"Niachishe. Ila iache ikauke."

Aliiangalia kwa muda, akaingia garini akaondoka. Hakusema ing'olewe, hakusema ibaki. Mimi nilichukulia amesema ibaki.

Niliivuna mwenyewe kiangazi, kijiti kwa kijiti, nikaifunga kwenye vifurushi kumi na viwili. Sikuipeleka mashineni kwa sababu mashine ingeichanganya. Nilitenga mbegu ya kila kifurushi, iliyobaki nikaisaga kwa jiwe, kidogo kidogo, nikaichekecha. Viganja vilinitoka malengelenge. Siku niliyoitwa ofisi ya Kasulu kuchukua barua yangu, nilikwenda na vifurushi vya unga, pamoja na unga wa kikapuni na wa ngano fupi ya mradi, mabeseni niliyoazima kwa mama lishe na ndoo mbili za maji. Niliweka vyote uani, chini ya dirisha la Daktari.

Kilichofuata hakihitaji maabara, na yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kutuonyesha. Unakanda unga na maji, unauacha upumzike, kisha unauosha ndani ya beseni huku unauminya polepole. Wanga unatoka, maji yanakuwa meupe kama maziwa. Unamwaga, unaweka maji mengine, unaosha tena. Kinachobaki mkononi, kama kinabaki, ndizo zile protini zilizoshikana. Nilianza na unga wa kikapuni, ule wa aibu yangu. Uliyeyuka wote majini, nikabaki na makapi. Nikaosha unga wa ngano fupi ya mradi, ile iliyoongoza kwenye karatasi yao. Ukabaki mpira mdogo, mlegevu, ukivutwa unakwenda tu haurudi. Wakati huo wenzangu walikuwa wameacha kazi na kunizunguka, na dirisha la Daktari lilikuwa wazi.

Kisha nikaosha za mama, suke kwa suke. La kwanza lilishika. La pili likashika. La tatu likachanika vibaya, na mtu akaguna. Sikuficha, nililiweka juu ya turubai pamoja na mengine, maana nilishaona uchungu wa kuchagua ya kupendeza. Mpaka namaliza, nane yalikuwa yameshika na manne yamechanika. Katika yale nane, moja, lenye kijiti cha saba, nililivuta mpaka likawa refu kama mkono wangu, na nilipoliachia lilijikusanya lenyewe.

Daktari alikuwa ameshatoka nje. Aliliokota lile la saba, akalivuta, akaliachia, akalivuta tena. Alivuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akasema kama anajisemea kwamba udongo huu ni maskini, mbolea ilikuwa kidogo, kiasi cha protini lazima ni cha chini, na bado inashika hivi. Nikamkumbusha maneno yake, kwamba kiasi ni shamba na nguvu ni urithi. Akasema anayakumbuka. Akaeleza kwamba angetaka kuichanganya na ngano yake fupi, moja itoe nguvu ya unga na nyingine itoe kimo kisicholala, kisha wachague watoto kwa misimu kadhaa. Macho yake yalikuwa ya mtu mwenye njaa. Halafu aliingia ofisini, akarudi na barua yangu ya kuachishwa kazi, akanipa.

Alisema utaratibu ni utaratibu, jaribio liliharibika na mkubwa wake anajua. Na papo hapo, bila hata kuhema, akaniomba mbegu ya kijiti cha saba.

Niliikunja barua nikaipachika kwenye pindo la kitenge. Nilimwambia mbegu niliyobaki nayo ni ya mama yangu, kila punje, na kama anaitaka aende Munanila akamwombe mwenyewe. Nilidhani atakataa. Alichukua funguo za gari.

Mama alimpokea kwa heshima zote. Daktari alimwamkia shikamoo, akapewa kigoda jikoni, akapewa chapati. Nilitoa mbegu zangu nikamkabidhi mama mbele yake, na nikamwambia na habari ya masuke manne yaliyochanika. Hilo halikumfurahisha. Alibisha kwamba meno yake hayajawahi kukosea, kisha akauliza ni vijiti vya ngapi, na alipotajiwa akavitupa vifurushi hivyo kwenye kikapu cha chakula bila neno zaidi.

Daktari alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alimweleza kwamba alichokuwa anakifanya kwa kutafuna ni uchaguzi wa vinasaba. Alimwambia ngano yake ikichanganywa na ile fupi inaweza kulisha matanuri ya Kasulu, wauza chapati wa Nyarugusu na wakulima mpaka Kibondo. Mama alisikiliza huku akiangalia juu, kwenye fungu jeusi lililoning'inia. Akanyanyuka, akalishusha, masizi yakamwagikia mikono. Akalipakata.

"Huyu aliyeipanda," aliuliza, akinielekeza kidevu, "bado yuko kazini kwenu?"

Daktari alisema hapana. Alieleza habari ya kivuli, ya vipande vilivyoharibika, ya mkubwa wake. Alieleza kwa ukweli, hakuongeza chumvi.

"Alikosea," alisema mama. "Hata mimi ningemchapa. Lakini kama yeye hana kazi kwenu, na hii nayo haina."

Akalirudisha fungu juu ya jiko, akaanza kulifunga kamba.

Daktari alimaliza chapati yake, akashukuru, akatoka. Nilimsikia nje anatafuta mtandao, anapanda kwenye tuta la migomba, anaongea, ananyamaza, anaongea tena. Nilisikia akitaja jina langu. Nilisikia akisema kivuli, akisema protini, akisema hapana mkuu, haipatikani kwingine. Mama aliendelea kufunga kamba ile kwa fundo ambalo kwa kawaida humchukua nukta moja.

Aliporudi aliinama mlangoni na kuniomba ile barua, airudishe. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa jiko, na kati yetu kulikuwa na moshi, kuni na kikapu. Nilimwambia aje aichukue. Alizunguka jiko zima akikohoa, shati lake jeupe likagusa fungu la masuke na kupata weusi begani, akanyoosha mkono, na mimi nikampa.

Ndipo mama alipoanza kufungua fundo.